Kadi za Nyumbani Zilikuwa Mbale

Nilikuwa mtunza kumbukumbu wa chuo cha ualimu pale Jinja, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa mkali. Wakufunzi walinong'ona kuwa kama ningezaliwa mlango, ningekuwa mlango wa jela. Niliwasikia, nikafurahi. Kazi yenyewe ilitaka mtu wa namna hiyo. Ukimweka mpole kwenye kabati la kumbukumbu, kabla muhula haujaisha mji mzima utajua nani alifeli hesabu, nani alilazwa kwa ugonjwa wa aibu na mama wa nani ameachika.

Kiswahili nilikipata kwa baba, dereva wa malori aliyetoka upande wa Kenya, akaoa Msoga na kujenga nyumba mtaa wa Nalufenya. Miaka ile ya utawala wa jeshi, Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kambini. Mtu akisikia "wewe, kuja hapa" nyuma yake, anainua mikono kabla hajageuka. Mimi niliwajibu askari kwa Kiswahili kilichonyooka, nao walinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyemkuta jirani amevaa shati lake.

Chuo chetu kilikuwa na ndugu yake Mbale. Wanafunzi wa pande zote mbili walifanya mtihani mmoja, wakufunzi walizunguka huku na huko, na aliyeanza Jinja aliweza kumalizia Mbale kama alitaka kusomea kilimo. Kwa hiyo kumbukumbu zilikuwa zetu sote. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi mbili. Moja ilikuwa ya alama, na nakala yake ilikaa kila upande. Nyingine ilikuwa ya nyumbani, inayosema wazazi ni nani, wanakaa wapi, na ukitaka kufika kwao ushukie wapi na umuulize nani. Hii ya pili ndiyo iliyoleta maneno.

Yalianza zamani, kabla ya wanajeshi kuchukua nchi. Tulikuwa na mkufunzi wa muziki, mtanashati, viatu vinang'aa hata siku za mvua. Kila muhula alikuja ofisini kwangu eti kukagua alama. Kumbe jicho lake lilikuwa kwenye kadi za nyumbani za wasichana. Siku moja akatokea mzee kutoka Mafubira na jogoo kwapani, akapita moja kwa moja mpaka kwa mkuu wa chuo, akamweka yule jogoo juu ya meza. Akasema, "Huyu ameletwa kwangu na mshenga. Binti yangu nilimleta hapa asome. Nani aliwaambia njia ya kwangu?"

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa haya, na jogoo alichafua karatasi zake. Alikaa siku kadhaa akifikiri, kisha akatoa amri ambayo wengi waliicheka. Kadi za nyumbani za wanafunzi wa Jinja zihamie Mbale, na za wanafunzi wa Mbale ziletwe Jinja. "Anayetaka mke apande basi," alisema. Na akiisha kupanda basi, afike yeye mwenyewe, aeleze sababu, asome akiwa amesimama mbele ya mtunza kabati, asinukuu kitu. Mkufunzi wa alama aone alama. Muuguzi aone magonjwa. Nyumbani kwa mtu hapaonwi ila kwa sababu inayoingia akilini.

Na mwanafunzi akibadilisha makazi, aliandika kadi yake mwenyewe mbele yangu, akaifunga ndani ya bahasha, nami nikaipeleka Mbale bila kuitazama. Wakati akiandika mimi nilitazama dirishani. Nimelitazama sana dirisha lile.

Mtunza kabati wa Mbale alikuwa mama mmoja wa Kigisu, mjane wa seremala, mkubwa kwangu kwa umri na kwa ukali pia. Tuliongea kwa simu karibu kila siku ya kazi. "Mulembe, mwanangu," alizoea kunisalimu kwa Kigisu, nami nilijibu, "Mulembe, mama," kisha tukaingia kwenye mambo ya kadi, na kadi zikiisha tukaingia kwenye mambo ya dunia: sukari imeadimika, sabuni imepotea, binti yake wa pekee ameolewa na mwanajeshi na sasa ana mimba. Hilo la mwanajeshi alilisema kwa sauti ya chini. Hakulaani, hakusifu. Siku zile ukipata mkwe mwenye bunduki hujui kama umepata mlinzi au mwizi.

Basi tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, msichana mtulivu, hodari wa kila somo isipokuwa hesabu. Baba yake aliwahi kuwa mkubwa serikalini. Jeshi lilipoanza kuwachukua watu wa aina yake mmoja mmoja, alivuka kwenda Kenya. Mama na wadogo zake wakahama nyumba yao ya siku zote, wakajificha mahali. Binti alikuja kwangu kabla ya likizo, macho mekundu, akaomba kadi mpya ya nyumbani. Angeweza kunyamaza. Lakini chuo kilitaka kujua matokeo yatumwe wapi, naye alikuwa mtoto aliyelelewa kutii. Aliandika, akafunga bahasha, nikatazama dirishani. Duniani kote, karatasi iliyosema familia ile iko wapi ilikuwa ile tu, nayo ikaenda Mbale.

Wiki ya pili ya likizo, gari la jeshi likaingia chuoni. Mkuu wa chuo alikuwa ameenda mazishini Mpumudde. Wenzangu walipoliona lile gari, Kiswahili chote kiliwatoka, hata wale walioimba nyimbo zake kanisani. Nikasukumwa mbele mimi.

Aliyeshuka alikuwa afisa kijana, nguo zimepigwa pasi, mpole mwanzoni. Nyuma yake alikuwa koplo, mnene, anatafuna muwa.

"Mama karani, habari ya kazi."

"Njema, afande. Karibuni."

"Mimi nataka nyumba ya msichana moja." Akataja jina la yule binti. "Baba yake adui ya serikali. Tunajua mama yake na watoto nafichama. Tukishika hao, baba atarudi mwenyewe. Toa kadi."

Aliyasema hayo kama mtu anayeagiza chai. Nikaona mama na watoto wamepangwa kwenye gari lile, na yule binti mtulivu katikati yao.

"Afande, kadi za nyumbani za wanafunzi wetu haziko hapa. Ziko Mbale."

"Msichana nasoma Jinja, kadi yake nalala Mbale? Wewe nacheza na mimi?"

Nikamweleza habari ya mkufunzi wa muziki, mshenga na jogoo. Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama uongo wa mlevi. Koplo akacheka mpaka muwa ukamponyoka. Afisa hakucheka. Alimwaga kabati langu lote sakafuni, akakuta alama za watoto wetu na nyumba za watoto wa Mbale, akapiga teke. Lile rundo la kadi liliniuma kuliko kama angenipiga mimi. Nilikuwa nimezipanga kwa mkono wangu.

"Piga simu Mbale," akaamuru.

Nikapiga. Mama akapokea. Nikasema kwa sauti ya kazi kwamba kuna afande kutoka kambini anataka kadi ya nyumbani ya fulani. Kisha sauti ileile ya kila siku: "Amri ni moja, mwanangu. Aje mwenyewe, aseme sababu, asome akiwa amesimama mbele yangu."

Nilipomfikishia jibu hilo, afisa aligonga meza. "Mbele yake! Sawa. Nitasimama mbele yake, ataona. Na wewe naenda na sisi."

Siku zile, mtu akipandishwa gari la jeshi, jamaa zake huanza kugawana kilio. Nilipanda roho mkononi. Nilikaa nyuma, miguu juu ya gurudumu la akiba. Gari lilipotoka langoni likageuka kuelekea Iganga, si upande wa darajani ambako watu walitupwa mtoni, nikamshukuru Mungu kwa huo ugeukaji tu. Njiani nilijiapiza. Sijui nyumba ile iko wapi. Wanipige, wanining'inize, hawatapata kwangu, kwa sababu sina. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lile dirisha nililolitazama miaka yote lilikuwa limenipa zawadi. Lakini mama wa Mbale alikuwa na kabati zima mgongoni pake, na kufuli la bati halizuii mtutu.

Tulipopita Bugiri afisa akalegea. Barabara ndefu humfungua mtu mdomo, na nadhani alikuwa na hamu ya kuongea Kiswahili na mtu asiyemwogopa wazi. Akasema Mbale anaijua vizuri, ameoa huko.

"Hongera, afande. Wakwe zako ni watu gani?"

"Mzee alikufa. Alikuwa fundi ya mbao. Mama iko. Nasikia nafanya kazi kwa chuo. Labda napika."

Nikakaza meno. "Hujui anafanya kazi gani?"

Akanigeukia, kweli amekasirika. "Wewe mtu ya wapi? Mimi nauliza namna gani mambo ya mama mkwe wangu?"

Alikuwa na haki. Kwao ni mashariki kama kwetu, na mila ni zilezile. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja hujitupa vichakani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, jina lake halitajwi wala habari zake haziulizwi. Siku ya mahari mama hufichwa chumbani, na mkwe hupita kwenye ua ameinamisha kichwa. Sisi Wasoga huita jambo hilo obuko, na tunajua adhabu yake: anayemgusa mama mkwe hutetemeka mikono mpaka kaburini. Ukimwona mzee anamwaga chai, vijana huulizana nani alimgusa. Afisa huyu alikuwa anaogopwa Jinja yote, lakini alikuwa mkwe wa mtu. Naye kwa adabu yake, hakuwahi kuuliza mama mkwe anafanya kazi gani.

Mjane wa seremala. Chuoni. Binti mmoja, kaolewa na mwanajeshi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku ile nilikuwa mimi, nimeweka miguu juu ya gurudumu.

Nilitaka kucheka, nikaogopa kulia. Nikimpasulia sasa hivi, nilifikiri, atasimama getini na kumtuma koplo aingie peke yake, naye koplo hajui kitu, atavunja kabati na kutoka na kadi. Nikinyamaza kabisa, ataingia kwa kishindo, atamwona mama uso kwa uso, na mwanamume aliyeaibika akiwa na bastola kiunoni hakuna ajuaye atafanya nini. Tena aibu ingekuwa ya mama pia. Mwanamke wa heshima zake aonwe na mkwe wake, kichwa wazi, akikemewa! Nikaamua kushika mdomo wangu mpaka mlangoni. Kwa mtu wa mdomo kama mimi, hiyo safari ya Tororo mpaka Mbale ilikuwa ndefu kuliko uchungu wa uzazi.

Mlima ulio nyuma ya mji ulikuwa wazi mchana ule, hauna wingu. Gari likasimama mbele ya ofisi ya kumbukumbu, nyumba ndogo yenye baraza ya saruji. Afisa akaruka chini, akapanda baraza, mimi nakimbia nyuma yake. Aliposhika kitasa, nikasema kwa sauti, ili ndani pia wasikie:

"Afande, mama aliye ndani ndiye aliyemzaa mkeo."

Sijapata kuona mtu anaacha kitasa vile. Aliruka kinyumenyume, akakosa ngazi, akaangukia goti, akainuka, akakimbilia nyuma ya gari, akasimama huko amelipa baraza kisogo. Kofia yake ilibaki mlangoni.

"Wewe nasema kweli?" sauti ilitoka nyuma ya gari.

"Mjane wa fundi mbao, afande. Binti yake ana mimba."

Kisha akaita: "Koplo! Ingia wewe. Lete kadi."

Koplo akaingia, nami nikamfuata. Mama alikuwa amesikia. Alikuwa ameketi kwenye kiti, ameegemeza mgongo kwenye milango ya kabati, na leso ameivuta kichwani mpaka usoni, kama inavyompasa mwanamke ambaye mkwe wake yuko karibu. Mikono imekaa magotini, imetulia.

"Mulembe, kijana," akasema chini ya leso. "Unataka kabati? Hapana mbaya. Nishike mikono, nitoe kwa kiti, vunja. Lakini kwanza uliza afande yako. Nani anapiga mama mkwe wake?"

Koplo alimtazama. Akatazama mikono yake mwenyewe. Naye alikuwa mtoto aliyelelewa kwa mila hizohizo. Akatoka nje, akapiga saluti kuelekea gari.

"Afande, mimi hapana weza. Leo unanituma nishike mama yako. Kesho ukikumbuka, unanipiga risasi."

Hapo nikajua tumempata. Mtu anaweza kutuma bunduki kwa adui, lakini hawezi kumtuma mtu amvute mama mkwe wake kwenye kiti, kisha akarudi nyumbani kulala na binti yake. Habari ingefika kambini kabla yake. Wangemcheka mpaka wapishi.

Ikabaki kazi ya maneno, na maneno ya mkwe na mama mkwe hupitia kwa mtu wa katikati. Mtu wa katikati nikawa mimi. Niliitembea ile baraza, kutoka kitini mpaka nyuma ya gari, kutoka nyuma ya gari mpaka kitini.

"Mwambie mama, namsalimu sana," alisema afisa, anaongea na gurudumu.

"Mwambie nimepokea," alisema mama. "Muulize anatafuta nini."

"Mwambie kazi ya serikali. Kadi ya msichana."

"Mwambie amri ya kabati hii naijua. Aje mwenyewe, asimame mbele yangu, anieleze sababu. Mimi niko tayari. Namngoja."

Nilipofikisha hilo nilijitahidi kuukaza uso. Afisa akafuta jasho. Akasema kwa hasira, "Mwambie atoke kwa kabati, aende nyumbani, mimi nitafungua mwenyewe!"

Nikarudi ndani. Nilimwona mama akiikaza leso kichwani, maana alilotaka kusema lilikuwa zito kwake kuliko kwa yeyote. Kisha akaongea kwa sauti kubwa, haningoji mimi, sauti ikatoka dirishani ikafika garini:

"Mwambie mkwe wangu, nikisikia kufuli imelia, natoka nje. Nitavua leso hii, nitaenda mpaka kwa gari, nitamshika mkono wake huu wa kuume. Aibu ni yangu na yake. Mimi nitabeba yangu. Nimezeeka. Yeye atabeba yake mpaka lini?"

Na akainuka. Kiti kikakwaruza sakafu.

Koplo alitamka jina la Mungu. Mimi nilichungulia nje, nikamwona yule afisa, aliyemwaga kabati langu kwa mkono mmoja, ameficha mikono yote miwili makwapani. Nasema ukweli. Makwapani.

"Mwambie akae!" alipiga kelele. "Mama karani, mwambie akae! Mimi naenda. Mwambie naenda!"

"Muulize," alisema mama, bado amesimama, "atasema nini kambini."

"Nitasema Mbale hapana kadi. Nitasema kitu yoyote. Mwambie akae!"

"Mwambie aende salama," alisema mama, akaketi. "Na mke wake asibebe maji wakati huu. Ni mimba ya kwanza."

Sijui kama hilo la mwisho lilikuwa huruma au mjeledi. Nilimfikishia. Akaitika kwa kichwa, amelipa baraza kisogo bado, akapanda gari bila kofia. Koplo alikuja kuichukua kofia, akainama mlangoni mpaka chini kabisa, akasema, "Mama, tunakwenda." Gari likaondoka. Wakanisahau mimi huko Mbale, na kusahauliwa na jeshi ni baraka, nisikufiche.

Tulipobaki wawili mama alivua leso, nikaona machozi na kicheko vimegongana usoni pake. Mimi nilipiga vigelegele. Nilipiga mpaka wapishi wakaja kuuliza nani amezaa.

Lakini mama hakukaa kusherehekea. Alijua mkwe wake amekwenda, na kwamba juu ya mkwe wake wako wakubwa wasio na mama mkwe Mbale. Alifungua kabati, akatoa kadi ya yule binti, akaisoma akiwa amesimama. Akairudisha, akafunga, akavaa viatu vya kutembelea.

"Ni wapi, mama?" nikauliza.

Akanitazama. "Wewe una sababu gani ya kujua?"

"Mama! Nimetoka Jinja kwenye gari la jeshi kwa ajili ya kadi hiyo!"

"Ndiyo. Na kesho unaweza kupandishwa jingine. Nenda nyumbani kwangu, kuna matoke."

Nilikasirika, mwenzangu, nilikasirika sana. Nilikwenda nikala matoke yake kwa hasira. Yeye akaondoka mchana uleule, na ninachojua ni kwamba hakurudi mpaka kesho yake, viatu vimejaa udongo mwekundu, na akalala kama gogo. Hakuniambia neno. Mpaka anaingia kaburini miaka mingi baadaye, hakuniambia ni kijiji gani.

Wiki hiyohiyo akaletwa mbuzi. Dume kubwa, jeusi, na gunia dogo la sukari begani kwa aliyemleta. Mkwe alikuwa amekanyaga baraza ya mama mkwe wake, na goti lake lilikuwa limegusa ngazi. Mila hudai mtu alipe ili mikono isije ikaanza kucheza. Mama alipokea kupitia kwa mtu, kama ipasavyo. Nilipanda basi kutoka Jinja kwenda kumla huyo mbuzi. Na sukari ile, enzi ambazo watu walikunywa chai ya chumvi, tuliweka vijiko mpaka kijiko kikasimama.

Baadaye walikuja wengine kweli, askari wasiojulikana, wakali zaidi. Walimkuta mama kitini. Akawauliza sababu, wakasema, akaona hapana haja ya kubishana, akafungua kabati na kuwapa kadi kwa mikono miwili. Waliisoma wamesimama. Walikwenda walikokwenda, wakakuta nyumba tupu na mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba. Akanisimulia kwenye simu kwa fumbo, kwamba wageni walikuja wakahudumiwa vizuri kabisa, nami nikaelewa, nikaweka simu chini nikacheza peke yangu ofisini, katikati ya kadi nilizokuwa nimeshazipanga upya.

Muhula ukafunguliwa, na kiti cha binti kikabaki wazi. Hatukusikia kitu kwa muda mrefu. Kuna asubuhi nilitilia shaka kama walifika. Mlima wa kuvukia Kenya ni mrefu, msitu una askari na mpaka una walafi, na watoto wale walikuwa wadogo. Nilikuwa nikiona kadi yake ya alama nikipanga, naigeuza kifudifudi.

Ndipo dereva mmoja Mkenya, rafiki wa marehemu baba yangu, aliyekuwa akipitisha lori Jinja, alisimama kwetu Nalufenya na ujumbe. Kuna msichana huko kwao, alisema, anataka kuendelea na ualimu. Chuo kimekubali kumpokea kama ataonyesha alama zake. Anauliza kama mama wa kabati la Jinja anaweza kumtolea. Amesema ni yeye mwenyewe anayeomba, wala hakuna mwingine apewe.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, tukafunga mlango. Yule mtu wa haya alisikiliza, akachukua kalamu. Niliinukuu kadi ile ya alama kwa mwandiko wangu bora, somo kwa somo, yeye akatia sahihi, nami nikapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kusema hapana. Sikujua kusema ndiyo kunaweza kukunjua moyo namna ile. Nilimpa dereva, akaificha ndani ya kanda la unga.

Aliporudi safari nyingine, nilimkalisha, nikamwekea chakula, nikamwambia asinifiche hata chembe. Alisema kadi ilifika. Mama wa binti aliwaita majirani, akamsimamisha mwanawe uani, akamwamuru asome alama zote kwa sauti, somo moja baada ya lingine, na kila somo watu wakapiga makofi. Wadogo zake walikuwepo wote. Na baba yake alikuwepo, ameketi mlangoni, anasikiliza. Ile ya hesabu alimwambia aisome tena, kwa sababu hakuamini kwamba mtoto wake amefaulu.